Maziwa Yasiyo na Moshi

Swali lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa na maneno machache: je, watu wa Ujiji wameyaacha maziwa, au ni mimi niliyewaachisha? Meneja alikuwa anasubiri ripoti ya ukurasa mmoja kuhusu kibanda chetu cha Ujiji, kifungwe au kiendelee, na sentensi ya kwanza nilikwisha kuiandika: "Mapendeleo ya walaji yamebadilika." Ni sentensi nzuri. Chuoni ingenipatia alama. Ubaya wake ni kwamba kila nilipofumba macho niliiona sura ya Bi Mwajuma, mwuzaji wa kibanda hicho, na sura hiyo haikuonekana kukubaliana nayo.

Lakini hapo nimeanzia mwishoni, na Mzee Ruhuza ameniagiza nianzie mwanzoni. Mzee Ruhuza ndiye aliyekuwa mpokeaji wa maziwa katika kituo chetu cha Gungu tangu kabla sijazaliwa, na amestaafu mwezi huu. Mimi nimeondoka mwezi huu huu, baada ya miaka minne. Tuliagwa kwa keki moja. Jina lake liliandikwa katikati, langu likabanwa pembeni kwa herufi ndogo, na tangu siku hiyo ananiita mstaafu mwenzake. Alisema wanaoingia kazini waachiwe maandishi. Nilipomjibu kwamba mwenye ya kusimulia ni yeye, akasema yeye ana miaka mingi na maneno machache, mimi kinyume chake, kwa hiyo tugawane kazi. Basi ninyi wawili mtakaoikalia meza yangu, someni. Droo ya chini hufunguka kwa kupigwa goti.

Siku yangu ya kwanza nilifika kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa na shahada ya sayansi ya chakula, koti jeupe lililopigwa pasi mara mbili, na majibu ya maswali kama ishirini niliyodhani nitaulizwa. Pikipiki za wafugaji zilikuwa zinaingia kutoka vijiji vya juu, keni za maziwa zimefungwa kwa mipira pande zote mbili. Mzee Ruhuza alikuwa amesimama kwenye sakafu iliyolowa, viatu vya mpira miguuni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Una mafua?"

"Hapana, Mzee."

"Basi umeajiriwa."

Akanionyesha kazi. Fungua kifuniko, tanguliza pua, maana harufu ya kwanza ikishatoka hairudi. Halafu matone ya spiriti, uone kama maziwa yanaganda. Halafu laktomita, uone kama yameongezwa maji. Nilimwuliza kwa nini pua itangulie wakati vipimo vipo. Akasema laktomita huvunjika na spiriti huisha, ila pua mfanyakazi huja nayo kila siku. Kufikia mwisho wa wiki ile nilikuwa nanusa kila kitu. Mama yangu alinikataza kuingia jikoni kwake mpaka nitakapoacha kuyanusa maharage kama mtu anayetafuta kosa.

Kuna jambo moja nililicheka siku zile, na ningelitazama vizuri ningejiokolea mengi. Mfugaji akileta maziwa yenye maji, Mzee Ruhuza hakumwambia kamwe kwamba ametia maji. Alimwuliza tu kwa upole, "Ng'ombe wako jana alikunywa sana?" Mfugaji naye alijibu kwamba, kweli Mzee, kulikuwa na joto, akafunga keni yake akaondoka nayo. Hakuna aliyeaibika. Niliona ni mchezo wa kuigiza wa asubuhi. Sikujua kwamba huo ndio mtindo wa kuambiana ukweli katika mji huu mzima, kuanzia sokoni mpaka barazani, na kwamba nitatumwa kukusanya ukweli huohuo kwa dodoso.

Kwenye mwezi wa tatu nilipelekwa kumwona Bi Mwajuma. Kibanda chake kilikuwa Ujiji, kando ya barabara, na kilikuwa mali ya kituo, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Watu walisema "kwa Bi Mwajuma". Ndani mlikuwa na mabenchi mawili, jiko la mkaa, sufuria kubwa, na vibuyu vimetundikwa ukutani. Alikuwa akichemsha maziwa, akayapoza, akatia mtindi kidogo wa jana, kisha akayamimina kwenye kibuyu kilichooshwa kwa maji ya moto na kufukizwa moshi wa vijiti. Ufundi huo alifundishwa na mkwe wake wa Kasulu, ambaye, kwa maelezo yake, alimpa mume kwa siku moja na ufundi wa vibuyu kwa miaka sita. Mtindi ulitoka mzito, na nyuma ya uchachu palikuwa na moshi kidogo sana, kama mtu aliyepita tu mlangoni. Wazee walikuja baada ya sala ya alfajiri, wakakaa, wakanywa polepole. Mmoja wao, Mzee Saidi, fundi cherehani, alikuwa na kikombe chake cha bati ambacho hakuna mwingine aliyekigusa.

Mimi nilinywa vikombe viwili, kisha nikauliza kibuyu kinasafishwaje kwa ndani.

"Kwa maji ya moto, mwanangu, na moshi."

"Na unajuaje kwamba kimetakata?"

Bi Mwajuma alikitazama kikombe changu. "Wewe umekunywa viwili," akasema.

Niliandika kwenye daftari: usafi wa ndani hauonekani. Naomba mkumbuke kwamba haukuwa wasiwasi wa kijinga. Kweli huwezi kuona ndani ya kibuyu. Tatizo langu halijawahi kuwa kuwa na wasiwasi usio na sababu. Tatizo ni kwamba kila wasiwasi ninaoupata ninaupa cheo.

Mwaka uliofuata Meneja aliona mjini kumejaa vinywaji vya chupa: soda, juisi, na vile vya kuongeza nguvu ambavyo vijana huviita eneji. Akaniagiza nitafute kwa nini watu hawanywi maziwa yetu. Nikatengeneza dodoso la kurasa tatu. Nilizunguka nalo Gungu, Buzebazeba, mpaka mwaloni Kibirizi, ambako wachukuzi walinijibu wakiwa na mafurushi ya dagaa begani, jambo linaloonyesha ama walivyo wakarimu au nilivyokuwa king'ang'anizi. Je, unapenda maziwa? Ndiyo. Yakiwepo karibu utanunua? Ndiyo. Mara ngapi kwa wiki? Kila siku, dada. Nilirudi ofisini nikiwa na mji mzima wa wanywaji maziwa mkobani. Tukaongeza maziwa ya kupokea. Wiki mbili baadaye tulikuwa na mtindi mwingi kuliko tuliokusudia kugandisha, na mwingine tuliwapa majirani wenye nguruwe.

Mzee Ruhuza alilisoma dodoso langu amesimama, kurasa zote tatu, akanirudishia.

"Umewauliza watu kama wana adabu," akasema. "Wamekujibu wanayo."

Kwa sababu nani atamwambia binti wa watu, aliyevaa koti jeupe na kutembea juani, kwamba maziwa yake hayamvutii? Akanishauri niwaache watu nitazame chupa. Chupa tupu haina adabu, itakuonyesha ilichokuwa nacho. Nikaanza kupitia mapipa ya taka ya kijiwe cha bodaboda cha Gungu kila asubuhi, nikiwa na daftari. Mwendesha bodaboda mmoja, Jumanne, alinihurumia. Alidhani nimefukuzwa kazi na sasa naokota chupa. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashuka kwenye pikipiki.

"Si ungeniuliza tu, sista?"

"Nilikuuliza mwezi uliopita. Ulisema unakunywa kila siku."

"Ulikuwa na karatasi," akasema.

Bila karatasi Jumanne alikuwa mtu mwingine. Alisema akinywa maziwa asubuhi analegea, na abiria hataki dereva aliyelegea. Halafu akasema jambo lililonikaa kichwani: maziwa yanataka ukae. Unapewa kikombe, unakaa, unakunywa, unarudisha kikombe, unaagwa. Soda ya chupa ya plastiki unaondoka nayo, na njiani wanaokuona wanajua kwamba leo mambo si mabaya. Hilo la mwisho alilisema akiishika chupa yake ya eneji kama mtu anayeshika simu mpya.

Nilirudi ofisini nikiwa na uhakika, hali ambayo kwangu ni ya hatari kwa sababu siijui vizuri. Kama maziwa yanataka watu wakae na watu hawana muda wa kukaa, basi tuyatie kwenye chupa yaondoke nao. Tukatengeneza mtindi mtamu wa chupa ndogo, wa ladha ya stroberi, tunda ambalo wengi wa wanywaji wake hawajawahi kuliona. Nilikaa siku nne nikiwaza rangi ya lebo. Wanafunzi waliupenda. Akina mama walitia chupa kwenye mikoba ya watoto. Jumanne alinunua mmoja kwa heshima yangu, akasema ni mtamu, na safari hii nikatazama pipa: chupa ilikuwa nusu. Hata hivyo biashara ilikwenda, na nasema wazi kwamba chupa zile sizijutii. Endeleeni nazo.

Kinachonisumbua ni kilichofuata. Ili mtindi wote utoke wa namna moja, niliagiza ugandishwe kituoni kwenye ndoo za plastiki zenye vifuniko, na vibanda vyote viletewe huo huo, ule usio na sukari ukiwa wa kupimwa kwa kikombe. Ndipo vibuyu vya Bi Mwajuma viliposhushwa ukutani. Nilikwenda mwenyewe kumweleza, nikiwa na mchoro wa bakteria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza wale wadudu wanapenda kukaa wapi, akaitikia kwa kichwa. "Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu," akasema, akavifunga vibuyu kwenye kanga kuukuu. Nikaandika: amekubali.

Nadhani mnaona ninakoelekea. Mimi sikuona kwa mwaka mzima.

Wazee walianza kupungua mmoja mmoja. Kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutazama, nilitazama. Lakini kwa kuwa walikuwa wazee wangu, pia niliuliza. Mmoja alikuwa amefunga, siku ya Jumanne. Mwingine tumbo. Mzee Saidi alisema daktari amemkataza maziwa kabisa, akanionyesha kifua, ingawa sijui maziwa yanafikaje kule. Nami nikachora jedwali, na kwenye safu ya sababu nikaandika: za kiafya. Mzee Ruhuza alipoliona jedwali aliuliza kama wazee wa Ujiji wamepatwa na tauni. Nilidhani anatania. Alikuwa anatania, lakini alikuwa pia ananiambia.

Basi ukaja mwaka huu, na Meneja akataka ile ripoti. Alisema kwa wema kabisa kwamba mji umebadilika, chupa zinakwenda, kibanda cha Ujiji hakina watu, tusing'ang'anie. Bi Mwajuma angepewa asante na zawadi. Alikuwa ameuza maziwa pale tangu alipofiwa na mumewe, na asingepata kazi nyingine kwa umri ule. Hilo Meneja alilijua, na halikumfurahisha. Nikaandika sentensi yangu ya kwanza. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, na mwisho wa wiki hiyo Bi Mwajuma alinialika kufuturu kwake. Nilikwenda nikiwa nimebeba tende na dhamiri inayonisuta.

Uani kwake mlikuwa na mkeka, uji wa pilipili manga, mihogo, samaki aina ya mgebuka wa kukaanga. Na wazee walikuwepo, wote. Yule wa tumbo alikuwepo. Katikati ya mkeka palikuwa na kibuyu, na harufu yake niliijua kabla sijakaa, maana pua niliajiriwa nayo. Mzee Saidi alikuwa na kikombe chake cha bati, kimejaa mpaka ukingoni, na juu ya mdomo alikuwa na masharubu meupe ambayo si ya uzee. Tukatazamana.

"Mzee," nikasema, "si daktari alikukataza?"

Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Daktari amesafiri," akasema.

Bi Mwajuma alicheka mpaka akafunika uso kwa mtandio, na mimi nikacheka pia, kwa sababu ilichekesha na kwa sababu nisingecheka ningelia mbele ya mihogo ya watu. Walikuwa wamekubaliana, bila kikao, kwamba nisiambiwe. Mtindi wa ndoo ulikuwa hauna ladha kwao, lakini Bi Mwajuma angeumia kama wangemwambia, na mimi ningeumia kama yeye angeniambia, kwa hiyo kila mtu akajitafutia ugonjwa. Yeye naye alikuwa amejua siku zote, akawa anagandisha kidogo nyumbani, hauzi, anawagawia tu waliokuja kumjulia hali. Na walimjulia hali kila siku.

Kesho yake nilimweleza Mzee Ruhuza kila kitu. Nilikuwa nimeandaa pande zote mbili za hoja. Kwa upande mmoja, vijana kweli wamehama, na hilo silo kosa langu. Kwa upande wa pili, wazee hawakuhama, maziwa ndiyo yaliyowahama. Kwa upande mmoja, kibuyu hakionekani ndani. Kwa upande wa pili, maziwa ya Bi Mwajuma yalichemshwa kila siku, na katika miaka yake yote hapakuwahi kuletwa lalamiko la tumbo hata moja, ukiacha yale yaliyokuja baada ya kibuyu kuondoka. Nikamwuliza yeye anaonaje.

Alikuwa anaosha keni. "Mimi maziwa yenye maji nayarudisha," akasema. "Hiyo sentensi yako, ipime."

Nikaenda kuipima. Mapendeleo ya walaji yamebadilika. Ilikuwa na ukweli ndani yake, kama maziwa yoyote yenye maji. Nikaifuta, nikaandika kwamba Ujiji kuna wanywaji wa namna mbili: wanaotaka kuondoka na chupa, na hao tumewapata, na wanaotaka kukaa na kikombe, na hao walikuwepo mpaka nilipowabadilishia maziwa. Nikaandika: "Kosa ni langu. Niliondoa kibuyu bila kuonja kinachobaki." Nikapendekeza kibanda kiendelee, vibuyu virudi, na kila kundi la mtindi lipimwe kituoni kabla halijauzwa.

Meneja aliisoma mara mbili. Aliniuliza kama ninalala vizuri. Halafu akaniomba, bila ukali, niitoe ile sentensi ya kosa ni langu, kwa sababu bodi haipendi kusoma habari za watu binafsi. Nilisema siwezi. Nilishangaa kusikia nimesema hivyo. Kwa kawaida husema nitafikiria. Akasema basi ataipeleka ilivyo, lakini nisitegemee mengi. Hayakuwa mengi. Bodi ilikaa baada ya Idi, ikaamua kituo kibaki na chupa, na kibanda kiachwe; Bi Mwajuma, akipenda, aendelee nacho kwa juhudi zake mwenyewe, na kituo kitamwuzia maziwa mabichi kama mteja mwingine yeyote.

Peke yake asingeweza. Kuna kubeba keni, kupima, kuchemsha, kuosha, na magoti yake yalikuwa yamechoka kabla ya bodi kukaa. Nilikaa siku tatu nikiorodhesha sababu za kutofanya nililokuwa nataka kufanya. Zilikuwa nyingi na zote zilikuwa nzuri. Siku ya nne nikaandika barua ya kuacha kazi, fupi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, nikampelekea Meneja, nikapanda bodaboda ya Jumanne kwenda Ujiji kabla sijaanza kuifikiria. Njiani alisema nimechanganyikiwa. Nilimshukuru kwa kutosema ndiyo.

Bi Mwajuma hakuniuliza kwa nini. Alivitoa vibuyu kwenye ile kanga kuukuu, akanipa kimoja na vijiti, akasema nifukize. Alikaa kwenye benchi akinitazama. Mimi, kwa kuogopa wale wadudu wa kwenye mchoro wangu, nilifukiza, nikafukiza tena, nikaongeza kidogo kwa usalama.

Tulifungua wiki iliyofuata, maziwa yakiwa yamechemshwa na kupimwa. Mzee Saidi alikuwa wa kwanza kufika, akiwa na kikombe chake cha bati mfukoni mwa koti. Nilimmiminia mwenyewe. Sikumwuliza chochote. Nilisimama nimeshika kitambaa, nikitazama kikombe na siyo uso, kama nilivyofundishwa. Alionja. Akakaa nacho. Akaonja tena, akakiweka juu ya benchi.

"Binti," akasema, "moshi umezidi. Unatupa maziwa au unatukausha kama samaki?"

Bi Mwajuma aligeuka haraka kunitazama, akidhani nitaumia. Lakini katika miaka minne ya madodoso, majedwali na safu za sababu, hilo lilikuwa jibu la kwanza nililopewa na mtu wa mji huu likiwa halijaongezwa maji. Nikachukua daftari nikaliandika, na jina lake pembeni. Kisha nikakichukua kibuyu ukutani, nikachemsha maji, nikaanza kukiosha upya.